Chumvi yangu inageuka maji kila masika. Wenzangu mnahifadhije?

mgeni_tanga (#1)

Habari zenu wakuu. Mwaka wa pili sasa tangu tuhamie Tanga kutoka Dodoma, mume kahamishiwa kazi huku. Mengine nimezoea, hata joto nimelizoea. Chumvi ndiyo imenishinda.

Dodoma nilikuwa na bakuli la udongo la mdomo mpana, alinipa mama nilipoolewa. Lilikaa wazi pembeni ya jiko mwaka mzima, mfuniko halina. Nachota kwa vidole vitatu, nanyunyizia mboga, basi. Chumvi inamiminika kama mchanga. Nikaja nalo huku. Wiki ya pili ya masika nimeamka asubuhi nakuta chumvi imekuwa uji, na nje ya bakuli kumeota unga mweupe kama ukungu. Nikafuta, kesho yake umerudi. Miezi ikapita, bakuli likaanza kubanduka magamba.

Nikahamia kopo la bati la maziwa ya unga. Mfuniko wake ulipotea siku nyingi, nikawa nafunika kisahani. Kopo likashika kutu, chumvi ya pembeni ikawa na rangi ya chai. Nikamwaga karibu kilo nzima. Nikanunua kile kichupa cha matundu cha mezani. Matundu yanaziba, natoboa kwa kijiti cha meno kila siku kama mchimbaji madini.

Naombeni msaada: mnaweka kwenye chombo gani, mnakiweka wapi, mnachota kwa nini? Sitaki mambo ya gharama. Halafu kuna suala la usafi. Jikoni kwangu tunaingia watatu, mimi, binti yangu na dada anayenisaidia, na kila mtu na mkono wake. Juzi nimekuta gamba la samaki ndani ya chumvi. Gamba la changu, linang'aa kabisa.

Bwana Kelele (#2)

Chumvi nayo ina uzi? Haya, nivute kiti.

Geto namba 9 (#3)

Dada pole, unajipa kazi bure. Mimi ni kapera, nanunua pakiti ya nusu kilo, nang'ata kona, namimina kwenye sufuria moja kwa moja, nakunja, nafunga rababendi, natundika msumarini. Sina chombo, sina kijiko, gamba la samaki litaingilia wapi?

Mama Wali (#4)

Hiyo kona uliyong'ata ndiyo mlango wa chumvi yako mwanangu. Kila ukimimina inapita kwenye mate yako ya juzi. Azima hata mkasi kwa jirani.

Jaruba (#5)

Assalamu alaykum. Mie nimekulia Pemba, mzee wangu alikuwa na majaruba ya chumvi, nimechota chumvi kabla sijaanza skuli. Ngoja nikueleze dada, maana bakuli lako unalionea.

Maji ya bahari tunayaingiza jarubani, jua linayapiga siku kadhaa, chumvi inaanza kushika chini. Inayoshika mwanzo ndiyo nzuri. Juu yake yanabaki maji mazito kidogo, machungu kweli, ukiyaonja unatema. Hayo mtu mwenye subira huyamwaga, akaikwangua chumvi, akaiacha rundoni ijichuje. Mwenye haraka huacha jaruba likauke mpaka mwisho, akakwangua kila kitu pamoja. Chumvi yake inakuwa nyingi kwa mizani, lakini ina ule uchungu ndani, na uchungu huo ni magnesiamu. Sasa sikiliza hesabu. Chumvi iliyo safi huanza kunywa maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Ile ya magnesiamu huanza asilimia 33 tu. Kwa hivyo chumvi ikiwa na uchungu mwingi haina siku inapumzika, inakunywa tu.

Na Tanga masika, alfajiri, hewa inapita hiyo 75 bila shida. Dodoma kiangazi hewa ni kavu zaidi. Bakuli ni lile lile, chumvi pengine ile ile, umebadilisha hewa tu.

Unga mweupe wa nje si ukungu, ni chumvi yako hiyo hiyo. Udongo usiopakwa kitu una vitundu vidogo vidogo. Maji ya chumvi yanapenya, yakifika nje yanakauka, chumvi inabaki. Nyingine inagandia humo humo ndani ya kitundu, inakua, inausukuma udongo mpaka unabanduka. Ukipita Mji Mkongwe ukaona plasta imebanduka kwenye kuta za mawe usawa wa kiuno, mara nyingi ni kazi hiyo hiyo ya chumvi.

Chukua chupa ya kioo, mfuniko wa plastiki wa kukaza. Bati hapana. Alminiamu ndio kabisa hapana, chumvi mbichi inaitoboa vitundu kama vya sindano, mpaka siku unanyanyua kikopo unaona nuru upande wa pili.

mgeni_tanga (#6)

Kaka Jaruba ubarikiwe. Kumbe bakuli la mama nimelisingizia mwaka mzima! Nimelikosha, nimeliweka kabatini, litakuwa la vitunguu.

Swali: hizo chupa za jamu zina mfuniko wa chuma. Utashika kutu?

Jaruba (#7)

Utashika, tena kwenye ukingo, pale unapokaza. Kata kipande cha ile pakiti ya chumvi yenyewe, weka juu ya mdomo wa chupa, ndipo ukaze mfuniko. Chuma kisiguse chumvi. Kipande kikichoka unakata chengine.

Mtwapa_tu (#8)

Hapa Kenya pia tuko na shida hiyo, sisi wa pwani. Watu wa Nairobi hawaelewi ukiwaambia chumvi imelia.

Nyanya yangu upande wa Malindi alikuwa anaweka chumvi kwa kifuu cha nazi. Kifuu chenyewe kilikaa juu ya uchaga, mafiga yako chini, moshi unapita hapo mchana kutwa. Miaka yote niliyolala kwake sikuwahi kuona chumvi yake ikiwa na maji, na kutoka kwake unafika Gongoni kwa muda mfupi, yale marundo meupe ya chumvi unayaona ukiwa barabarani. Yaani unyevu uko, bahari iko, na chumvi yake kavu.

Nikajenga nyumba Mtwapa, nikasema nitafanya ya nyanya. Nikatafuta kifuu kizuri, nikakisugua, nikakiweka juu ya rafu pembeni ya meko ya gesi. Siku ya tatu maji. Nikabadilisha kifuu nikidhani kibaya. Maji tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa nyanya moto ulikuwa hauzimiki. Asubuhi chai, mchana sima, maharagwe jioni, usiku makaa yamefunikwa jivu. Kile kifuu kilikuwa kinaokwa polepole miaka 40. Mimi nawasha gesi dakika 20 na kuzima, halafu mvuke wa ugali wote unapanda kwa hiyo rafu.

Saa hii natumia mkebe wa plastiki na punje za mchele ndani. Mchele unasaidia.

Bwana Kelele (#9)

Mchele unaliwa bwana, mnautia kwenye chumvi.

Sayansi Kimu (#10)

Nimefundisha sayansi kimu sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie, nitakuwa mrefu.

Mchele kwanza. Unasaidia kidogo kuliko watu wanavyoamini. Mchele wa dukani nao una unyevu wake, na ukiwa kwenye chombo kinachofunguliwa mara 20 kwa siku utashiba mapema. Kazi kubwa ya zile punje ni kugongagonga madonge ukitikisa kichupa. Ukitaka zinyonye kweli, zikaange kavu kwenye kikaango bila mafuta mpaka zianze kubadilika rangi, zipoe, ndipo uzitie. Baada ya wiki mbili tatu unabadilisha. Kwenye chombo cha kuchota kwa kijiko hazina maana, zitaishia kwenye mchuzi.

La pili ndilo kubwa, na sijaona mtu amelitaja: madini joto, yaani iodini. Chumvi tunayonunua dukani imeongezwa madini joto ili tusipate rovu, ule uvimbe wa shingoni, na zaidi ya rovu, ili mtoto aliye tumboni ubongo wake ukue sawasawa. Kenya ililazimisha kwa sheria tangu 1978, sisi Tanzania tukafuata miaka ya 1990. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, yaani ni kitu kidogo mno kuonekana kwa macho, na kinapotea. Shirika la Afya Duniani lilipopanga viwango vya kiwandani, yaani miligramu 20 hadi 40 kwa kila kilo ya chumvi, lilikisia kwamba asilimia 20 itapotea njiani kabla ya kufika nyumbani, na asilimia 20 nyingine itapotea kwenye kupika.

Kinachoyapoteza ni unyevu, joto na mwanga, na unyevu ndio mbaya zaidi. Kwa hiyo ewe mgeni_tanga, nikuulize: ile chumvi iliyokuwa uji, yale maji ya juu uliyafanya nini?

mgeni_tanga (#11)

Niliyamwaga mwalimu. Kila asubuhi nainamisha bakuli kwenye sinki, nabakiza chumvi.

Sayansi Kimu (#12)

Ndivyo nilivyodhani. Madini joto yanayeyuka kwenye maji kirahisi, yanakaa kwenye yale maji unayoyamwaga. Ulikuwa unabakiza chumvi na kutupa dawa. Ni hivyo hivyo kwa magunia yanayokaa sakafuni dukani yakivuja chini, ile alama ya maji unayoiona sakafuni imebeba kitu. Nunua pakiti iliyofungwa, isiyo na vitone vya maji ndani, na ununue ndogo. Nyumba ya watu watano haina haja ya kuweka kilo tatu ndani. Shirika hilo hilo linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, na hiyo ni pamoja na ya kwenye mkate na vyakula vingine vya dukani. Pigeni hesabu nusu kilo inakaa siku ngapi.

Msiikaange chumvi ili ikauke, na msiianike juani kwenye ungo, nimeona watu wanafanya. Ikilowa kidogo, itumie tu kwenye maji ya ugali au maharagwe, maana itayeyuka humo hata hivyo. Na kwenye mboga itie mwishoni mwishoni, kabla hujaepua.

Kuhusu mahali: kabati lililo pembeni ya jiko, usawa wa mkono. Juu ya jiko kuna mvuke, chini ya sinki kuna mabomba yanayovuja, dirishani kuna jua na mvua.

Geto namba 9 (#13)

Mwalimu hapo kwenye usafi mnatutisha. Chumvi si inaua vijidudu? Samaki wa ng'onda anakaa miezi bila friji. Sasa kijidudu gani kitaishi ndani ya chumvi yenyewe?

Sayansi Kimu (#14)

Chumvi inakinyonya kijidudu maji, kinashindwa kuzaana. Lakini kushindwa kuzaana na kufa ni mambo mawili. Vipo vinavyokaa vimelala kwenye kitu kikavu muda mrefu, vile vya kuku wabichi vya salmonela ni mfano. Umekata kuku, mkono una majimaji yake, umechovya chumvini. Jioni mtu anachota kwenye chumvi hiyo hiyo anainyunyizia kachumbari. Kuku umempika, kachumbari je?

Mama Wali (#15)

Mwalimu kanitoa neno mdomoni. Mimi ni mama lishe, kwa siku napika wali kilo 12, maharage, samaki, na kuku siku za Ijumaa. Niwaambie ninavyofanya kibandani, maana nimejifunza kwa kutukanwa na wateja.

Zamani nilikuwa na bakuli moja, kubwa, katikati ya meza. Wasichana wangu wawili wote wanachota humo. Mmoja anaparua samaki, mwingine anakanda chapati. Kufika mchana bakuli lina unga, lina magamba, lina kipande cha kitunguu, na katikati kuna shimo lenye maji rangi ya waridi. Nikikumbuka naona aibu. Tena kuna kuonja: mtu anachovya kidole, analamba, mboga haijakolea, anachovya tena kidole kile kile. Ukimuuliza anasema mama nimenawa.

Sasa hivi kuna chumvi ya ghala na chumvi ya siku. Ya ghala iko kwenye kindoo cha plastiki cha lita mbili chenye mfuniko wa kubana, kinakaa juu ya kabati, ufunguzi ni mimi. Asubuhi kabla jiko halijawashwa, mikono mikavu, naichota kwenye vibakuli viwili. Kimoja cha nyama na samaki, hicho hata wakichovya mikono siwasemi, maana wakati mtu anasugua samaki chumvi na ndimu huwezi kumwambia ashike kijiko, kijiko chenyewe kitajaa utelezi. Cha pili ni cha vyungu na kachumbari, kina kijiko chake na kisahani juu.

Jioni kilichobaki hakirudi ghalani. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanaona uchungu kutupa kijiko kimoja cha chumvi, wanakirudisha kwenye kilo nzima. Mimi cha nyama nasugulia ubao wa kukatia pamoja na kipande cha ndimu kilichokamuliwa, harufu ya samaki inaisha. Cha vyungu natia kwenye maji ya kulowekea mchicha, vidudu vinaelea juu.

Mkono unajua kipimo kuliko kijiko, hilo sikatai. Nikipika kwangu usiku, mwenyewe, mikono mikavu, nachota kwa vidole. Ila jikoni pa watu wengi mkono ni wa kila mtu.

Bwana Kelele (#16)

Jamani naomba nitubu. Nilikuja kucheka ila uzi huu umenikumbusha.

Mwaka tuliooana, mke wangu alinunua chupa sita za kioo zinazofanana, mfuniko wa bluu, nzuri. Sukari, chumvi, magadi, unga wa ngano, iliki, na moja tupu. Karatasi hakubandika, alisema yeye anazijua. Baba mkwe akaja kutoka Korogwe, mke yuko sokoni, nikasema nisimuaibishe binti wa watu, nichemshe chai mwenyewe. Chai ya maziwa, tangawizi, vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe chake maana mzee anapenda tamu.

Mzee akanywa funda la kwanza akanyamaza. Akanywa la pili. Mimi nangoja changu kipoe. Akamaliza kikombe chote, naapa, akakiweka chini taratibu, akaniambia, "Mwanangu, maji ya kisima chenu yana chumvi kidogo." Mimi nikajibu ndiyo baba, huku pwani visima ndivyo vilivyo. Nilikuja kujua nilipoonja changu, yeye ameshaenda msikitini.

Hakulisema mpaka leo. Lakini kila akija anaomba chai ya rangi na anatia sukari mwenyewe, anailamba kwanza.

Mama Wali (#17)

Nimecheka mpaka mteja kauliza kuna nini. Huyo mzee muenzini.

Jaruba (#18)

Ndio maana bi mkubwa wetu chumvi aliiweka kwenye chombo chenye umbo lake, hata gizani ukikishika unajua. Sukari kwenye kopo refu, chumvi kwenye kibuyu kifupi cha mdomo mpana. Karatasi hubanduka kwa mvuke, umbo halibanduki.

Mtwapa_tu (#19)

Gizani tena! Nyanya yangu usiku haombwi chumvi. Ukienda kwake baada ya magharibi ukaitaja jina anakuambia imeisha, na kifuu unakiona kimejaa. Sindano pia. Kesho asubuhi anakuletea mwenyewe hadi mlangoni. Nilikuwa naona ni uchawi uchawi, siku hizi nafikiria huenda hakutaka tu mtu apapase kwa kifuu chake usiku bila taa.

Muscat ya ghorofani (#20)

Salamu kutoka Muscat. Huku tunaishi na kiyoyozi, hewa ya ndani kavu, chumvi haina neno. Tatizo linakuja Agosti tukisafiri kwenda Unguja, tunazima kila kitu. Nje ni joto na unyevu wa bahari, ndani nako kunakuwa hivyo hivyo. Tukirudi tunawasha kiyoyozi, siku mbili, chumvi jiwe. Si kulia, jiwe. Mwaka jana nimevunja kisu cha siagi.

Inakuwaje hapa, maana haikutoa maji?

Jaruba (#21)

Imelowa na kukauka ndugu yangu. Ikilowa kidogo tu, kingo za punje zinayeyuka, zinagusana. Ikikauka zile kingo zinagandana, punje mbili zinakuwa moja. Ikirudia mara kadhaa una tofali. Zile chumvi laini sana za dukani huwa wanatia dawa kidogo ya kuzuia kushikana, ndiyo hukuta imeandikwa kwenye pakiti, lakini hiyo dawa inasaidia chumvi inayofunguliwa na kufungwa, sio iliyoachwa miezi miwili.

Usitumie kisu. Pakiti yenyewe ibane kwenye kitambaa, igonge na mchi. Na ukisafiri iache kwenye chupa iliyokazwa.

Geto namba 9 (#22)

Naomba kuuliza kwa niaba ya makapera: chumvi ya mawe je? Muuza mishikaki wa mtaani kwetu anayo kwenye kopo wazi nje mchana kutwa na haijawahi kulia.

Jaruba (#23)

Hulia, ila taratibu. Punje kubwa ina uso mdogo wa kugusana na hewa ukilinganisha na uzito wake. Na hata ikilowa haigandi vibaya, unaitikisa inaachana. Kwa nyama choma sina neno, nami naipenda. Kwa chumvi ya nyumba nzima angalia kama imeandikwa madini joto, maana nyingi ya zile za kupimiwa kwa kopo haina, imetoka jarubani moja kwa moja. Mie wa jarubani ndiye ninayekwambia.

mgeni_tanga (#24)

Nimerudi wakuu. Wiki tano zimepita, masika ndiyo haya yanaelekea ukingoni. Niliahidi moyoni nitaleta mrejesho, maana humu watu wakishasaidiwa wanapotea.

Nilichukua pakiti mbili za nusu kilo siku moja, duka moja. Nikaigawa. Chupa ya jamu yenye kipande cha pakiti chini ya mfuniko, kama alivyosema kaka Jaruba. Kichupa cha matundu chenye mchele uliokaangwa wa mwalimu. Na kisahani wazi, makusudi, juu ya kabati, nione adui anafananaje.

Kisahani kilianza kung'aa usiku wa kwanza mvua iliponyesha. Asubuhi ukigusa, vidole vinanata. Siku ya nne kilikuwa na dimbwi. Mchana jua likatoka, saa tisa hivi juu kukawa na utando mgumu kama barafu, chini maji. Nilimwita binti yangu aone, akasema "mama, inafanya kama ya shuleni kwenye sayansi," kumbe walishasoma.

Kichupa cha matundu kilienda vizuri siku tisa halafu kikaziba. Nikakasirikia mchele. Jioni nikamwona dada anavyokitumia: anakigeuza juu ya sufuria ya maharage yanayochemka, anatikisa kule kule kwenye mvuke. Matundu yanakunywa mvuke moja kwa moja! Na mimi ndivyo nilivyomfundisha. Sasa hicho ni cha mezani tu, hakisogei jikoni, na tangu hapo hakijaziba.

Chupa ya jamu mpaka leo ni kavu. Ukiinamisha inamwagika. Imekaa kabati la kushoto la jiko, na pembeni yake kibakuli cha samaki cha Mama Wali, kina mstari mwekundu wa rangi ya kucha chini ili asikosee mtu. Dada alikubali haraka kuliko nilivyofikiri. Mgumu alikuwa mume wangu, anaingia usiku kukaanga mayai na anarudisha chumvi ya kibakuli kwenye chupa, anasema anapunguza vyombo. Nimeongea naye.

Mama Wali (#25)

Hongera mama. Na kijiko umekiweka ndani au nje?

mgeni_tanga (#26)

Nilianza na cha chuma, ndani. Wiki ya pili kimeacha alama ya kahawia kwenye chumvi, pale kilipolala. Nikakitoa nikawa natumia chochote kilicho karibu, matokeo yake tukarudi kwenye vijiko vyenye mafuta. Sasa humo ndani kuna kile cha plastiki cha aiskrimu, kifupi, mfuniko unafunga bila kukigusa. Kikitoka nje ya chupa kinaenda kuoshwa, na kinarudi kikiwa kikavu. Ninavyo vitatu vinapokezana.

Geto namba 9 (#27)

Nimenunua mkasi.